Ng'ombe Watatu Mafichoni

Niliambiwa, na nikaamini kabisa, kwamba ukisajili biashara ya maziwa kwa watu wa kodi, kila ng'ombe wako anapewa namba yake mwenyewe. Anatobolewa sikio, anapigwa picha ya uso na ya ubavu, na kuanzia hapo ni mlipa kodi kama mwalimu mkuu. Ndama akizaliwa usiposema, faini. Hata ng'ombe aliyekauka maziwa lazima afaili nil kila mwaka, yaani aandike kwamba hakupata kitu, la sivyo anafuatwa zizini.

Aliyeniambia ni mwendesha bodaboda wa pale Sosiot, mtu asiye na hata kuku. Lakini alisema kwa sauti ya chini huku akiangalia nyuma, na mimi jambo likisemwa hivyo sina nguvu ya kulipinga. Msinione hivi, nimesoma. Shule ya usiku, mpaka kidato cha nne, vidole bado vyeusi kwa majani chai niliyochuma mchana. Cheti changu kimetundikwa juu kuliko picha ya harusi.

Wakati huo shule moja ya bweni ya wasichana ilikuwa imekubali kununua maziwa kwangu muhula ukifunguliwa. Sharti lilikuwa moja: niwe nimesajiliwa kwa kodi. Mke wangu alikuwa ameshanunua mitungi miwili inayong'aa hadi ungejitazama ukanyoa ndevu. Tukiikosa hiyo shule, tungerudi kwa mchuuzi wa barabarani, anayekuja akipenda na kupima kwa kikombe chake mwenyewe.

Basi nikapanga kusajili biashara na kuficha ng'ombe. Kwetu ni kawaida kumpa rafiki ng'ombe akutunzie kwake. Baba yangu alikuwa nao kwenye maboma ya watu mpaka akawa anasahau wengine. Nikawaswaga wangu wote watatu kuelekea Fort Ternan, kwa rafiki tuliyeingia naye jandoni.

"Unawapeleka wapi?" mke wangu akauliza.

"Mafichoni."

"Kwani wameua nani?"

Nilikwenda ofisi ya kodi Kericho nimevaa suti ya harusi, inayofungika nikishika pumzi. Msichana wa dawatini akauliza, "Unafanya biashara gani, mzee?"

"Maziwa."

Nikangoja aulize ng'ombe wako wapi. Jibu nilikuwa nalo tayari, nimelikariri njia nzima. Hakuuliza. Akaniuliza jina, simu, ninapoishi, akabonyeza-bonyeza kompyuta, akanipa karatasi yangu na kusema asante. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyeiba treni na hakuna aliyesikia honi.

Shule ikafunguliwa. Asubuhi hiyo nikafika kwa rafiki yangu na mitungi yangu, nikamkuta amekaa nje, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, mkononi, midomo myeupe. Alikuwa amenenepa hadi masikio.

"Karibu, ndugu yangu!"

"Nimekuja kuchukua maziwa."

"Maziwa ya nani?"

"Ya ng'ombe zangu."

Alicheka mpaka mbwa akaamka. "Ng'ombe ni zako. Maziwa ni ya mwenye kuzichunga. Ama hiyo shule yako ya usiku stima ilipotea siku ya somo hilo?"

Alikuwa na haki, na nilijua. Desturi ndiyo hiyo. "Ukizitaka, zichukue," akasema. "Lakini ya leo nimeshakama."

Kuwachukua sikuthubutu, niliyaona masikio yao yakitobolewa. Na wasichana mia kadhaa walikuwa wanangoja chai. Nikatoa pesa, nikanunua maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe, huku yule mwekundu akinitazama juu ya ua akitafuna taratibu. Nikafanya hivyo wiki nzima. Shule ilifurahi, rafiki yangu alifurahi zaidi, mimi nikabaki na harufu ya maziwa tu.

Mke wangu hakupiga kelele. Angalau angepiga kelele! Alisema, "Kwa hivyo tunanunua ng'ombe wetu kikombe kwa kikombe. Tukiendelea hivi, shule tunaiacha. Kesho rudi kwa hao watu uwaulize. Kwa mdomo wako."

Nikarudi Kericho. Alikuwa msichana yule yule. Niliinama hadi paji likagusa kioo.

"Nikirudisha ng'ombe wangu nyumbani," nikanong'ona, "mtakuja kuwatoboa masikio lini?"

Akaweka kalamu chini. "Nani alikuambia hayo, mzee?"

"Watu."

"Hatusajili ng'ombe. Tumekusajili wewe. Utatueleza umeuza nini na umetumia nini, basi. Ng'ombe kaa nao nyumbani."