Nyasi Mbichi Nilizozipiga Teke

Usinionee huruma, ndugu msomaji, kabla hujanisikiliza. Baba yangu yuko kaburini kwa sababu ya akili yangu ya darasani.

Nilisoma uhusiano wa kimataifa chuoni Dar. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la usalama: jinsi nchi inavyomshinda hasimu wake bila kufyatua risasi. Unamwita nyumbani balozi wako. Unamfukuza wa kwake. Unawashawishi marafiki zake wasikae naye meza moja, mpaka abaki peke yake na kusalimu amri. Lo, nililipenda somo lile! Nikamaliza, kazi sikupata, nikarudi Karatu kulima mahindi na baba.

Kijiji chetu kinapakana na msitu wa Ngorongoro. Ng'ambo ya korongo wanaishi wafugaji wa Kimaasai. Ng'ombe wao waliingia mashambani kwetu, vijana wakapigana, mmoja wetu akakatwa sime mkononi. Kwenye mkutano wengine walitaka kuchukua pinde. Mimi nikasimama.

"Tusipigane. Tuwatenge!"

Nilishangiliwa! Nikaingizwa kwenye kamati ya ulinzi, nikaweka masharti. Hakuna kuwauzia pumba. Hakuna kuwasagia mahindi. Hakuna salamu, wala kumpokea mjumbe wao, mpaka wamtoe aliyekata mtu. Namba zao nikazizuia kwenye simu yangu, ambayo baba naye aliitumia. Nikapanda bodaboda hadi vijiji vya Daa na Endamarariek kuwaomba wanunuzi wa huko wasinunue mbuzi wa wafugaji. Watu wakaniita Waziri wa Mambo ya Nje. Nilicheka nao, lakini moyoni nilivimba.

Baba alikuwa na rafiki ng'ambo ile, Saning'o, ambaye kila kiangazi alimchungia ng'ombe wake. Mimi nimekua nikimwita baba mdogo.

"Mheshimiwa Waziri," baba aliniuliza tukinywa uji, "viza ya kwenda kuwaona ng'ombe wangu naiombea wapi?"

"Baba, ni kwa muda tu. Wataomba suluhu wenyewe."

"Watamwomba nani, na umekataza watu wasiwasikilize?"

Nilimwona amepitwa na wakati. Mimi!

Asubuhi moja nilikuwa zamu kwenye kivuko cha korongo na vijana wenzangu. Nikamwona Saning'o anapanda, shuka lake jekundu limelowa umande, mkononi ameshika nyasi mbichi. Kila mtu wa huku anajua maana yake. Mmaasai akikujia na nyasi mkononi amekuja kwa amani, nawe unapaswa kumsikiliza, hata kama jana mlipigana.

"Mwanangu, nina neno la kumpa baba yako."

"Mmemleta yule tuliyemtaka?"

"Nisikilize kwanza. Hili si neno la ugomvi."

"Kama hukuja naye, hatuna mazungumzo. Rudi, mzee."

Nilimwita mzee, si baba mdogo! Mtu aliyenibeba begani!

Alipofungua mdomo tena, niliwapa vijana ishara. Wakapiga filimbi na kuzomea mpaka sauti yake ikapotea. Aliendelea kusema, naona midomo inacheza tu. Mwishowe akainama, akaweka zile nyasi njiani, akaweka jiwe juu yake zisipeperuke, akashuka.

Nikazipiga teke. Vijana wakacheka.

Jioni ile baba alikwenda shamba la chini kukata majani ya ng'ombe wa maziwa aliyebaki nyumbani. Ndani ya mahindi yetu alikuwa amejificha tembo dume, mtego umemkata mguu, ana hasira ya maumivu. Wafugaji walimwona akishuka kutoka msituni alfajiri. Hilo ndilo lilikuwa neno.

Miaka yote walikuwa wakituletea habari za namna hiyo, na sisi tukizipokea kama salamu tu. Hatukuwahi kuziita usalama.

Sitaandika jinsi tulivyomkuta baba. Siwezi.

Siku ya mazishi niliinua macho kutoka kaburini. Ng'ambo ya korongo walisimama watu kwa mstari, mashuka mekundu, kila mmoja na nyasi mkononi. Hawakuvuka. Jamani, walikuwa wanatii amri yangu!

Niliteremka korongoni mbio na nguo zangu za msiba, nikang'oa nyasi kwa mikono yangu, nikavuka. Nilipomfikia Saning'o nilipiga magoti.

"Baba mdogo, mbona hukupiga kelele?"

"Nilipiga, mwanangu," alisema, huku akilia. "Mlikuwa mnapiga filimbi."

Ewe unayepanga usalama wa nchi, au wa kitongoji tu, nakusihi! Ukiona lazima umfungie hasimu wako soko, mfungie. Lakini kivukoni uache mtu wa kumsikiliza. Mimi nilidhani nimewafungia wao ndani. Kumbe aliyebaki gizani ni mimi, na baba yangu nilimwacha humo humo.

Amri niliifuta siku ile ile. Sasa wanavuka, wanasaga, wanauza mbuzi. Saning'o huja kumwangalia mama, na kila akifika kivukoni bado ameshika nyasi mkononi. Nimemwambia mara nyingi kwamba si lazima tena, apite tu, hapa ni kwake.

Hutikisa kichwa kunikubalia. Akija tena, amezishika.