Nilimwambia Dada Wakili Amekubali

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usije ukanionea huruma bure huko mbele. Sikulazimishwa na mtu. Nilikuwa na akili zangu timamu nilipomuuza dada yangu wa tumbo moja!

Nitamwita Nyamizi, ingawa si jina lake. Kwetu ni Sengerema. Yeye aliishia darasa la saba, mimi nikafika kidato cha sita kwa jasho lake, maana alikuwa akiimba kwenye harusi ndipo napata ada. Jukwaani alijiita Binti Kamanga. Akifungua mdomo, watu walikuwa wanaacha kula.

Na mimi nilikuwa nani? Mdogo wake Nyamizi. Hata Mayu, mama yetu, akipata wageni alinitambulisha hivyohivyo: "Huyu ni mdogo wake yule mwimbaji." Aisee, liliniuma! Nilicheka mbele za watu, ndani nikawa naoza.

Kampuni moja ya muziki ya Mwanza ikamtaka. Wakampa mkataba wa kurasa tisa, wote Kiingereza kitupu. Dada akaniletea.

"Mdogo wangu, wewe ndiye umesoma. Nasikia Mwanza kuna wakili anawasaidia wasanii bure. Mpelekee. Akisema sawa, nasaini. Akikataa, basi."

Kabla sijaenda, mkurugenzi wa kampuni akanipigia simu. Akasema mtu msomi kama mimi anafaa kukaa ofisini kwao, na meza yangu ipo tayari. "Dada yako asaini tu. Maneno ya mawakili yasitucheleweshe."

Nikavuka ziwa kwenda Mwanza. Wakili alikuwa mama wa makamo, mpole.

"Shikamoo, wakili."

"Marahaba. Wewe ndiye msanii?"

"Hapana, ni mdogo wake. Yeye Kiingereza hakijui."

Alisoma kurasa zote tisa, kalamu mkononi. Kisha akanigeuzia karatasi.

"Hapa wanachukua jina lake la jukwaani. Hapa wanachukua nyimbo zake, hata alizotunga kabla hajawajua. Na hapa, miaka kumi haruhusiwi kuimba popote bila kibali chao. Popote ni popote, binti. Mwambie asisaini. Halafu aje mwenyewe, niongee naye."

Akaniandikia ushauri huo kwa Kiswahili, akanisainisha kwamba nimeupokea, nakala akabaki nayo. Kwenye kivuko cha kurudi Kamanga niliuchana ule ushauri vipande vipande, nikavitupa ziwani.

Dada alikuwa ananisubiri mlangoni. "Wakili kasemaje?"

"Kasema mkataba uko sawa kabisa. Saini."

Alisaini kwa herufi kubwa, polepole, kama mtoto anayeandika jina lake ubaoni. Kisha akanikumbatia. Ee Mungu wangu, alinikumbatia!

Mimi nikapata meza yangu, ofisi iko Ilemela. Mwaka wa kwanza walimrekodi, alisikika. Mwaka wa pili wakataka acheze jukwaani karibu uchi. Akagoma. Wakamweka pembeni, na jina la Binti Kamanga wakampa msichana mwingine, akawa anaimba nyimbo za dada yangu kama zake. Dada akijaribu kuimba hata harusini, anapelekewa barua ya kumtishia kumpeleka mahakamani. Unajua nani alikuwa anaziandika? Mimi! Kwa mkono huu!

Ulipofika mwaka wa tatu, Mayu akafariki. Alipokuwa hospitali alimwomba Nyamizi jambo moja tu, kwamba siku ya kuzikwa amwimbie wimbo wa shambani ambao dada alimtungia akiwa msichana. Ulikuwa umerekodiwa, kwa hiyo ulikuwa mali ya kampuni.

Mkurugenzi akanipigia nikiwa msibani. "Huko kila mtu ana simu, watarekodi na kuusambaza. Akiimba, wewe kazi huna."

Nikamvuta dada nyuma ya jiko.

"Usiimbe."

"Nisimwimbie Mayu?"

"Wimbo ni wa kampuni. Watakushtaki."

"Si ulisema wakili alisema mkataba uko sawa?"

"Ndiyo alivyosema. Sheria ndiyo hiyo, dada."

Jeneza likateremshwa. Watu wote wakamgeukia Nyamizi, wakisubiri. Alikuwa ameuma ncha ya kitenge. Shangazi akamfokea mbele ya waombolezaji: "Umekuwa staa sasa? Mama yako hafai kuimbiwa bila ukumbi?" Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Neno moja tu lingemwokoa! Niliokota udongo, nikatupia kaburini kama wengine.

Matanga yalipoisha, dada alivuka peke yake akaenda kwa yule wakili. Wakili akafungua jalada, akamwonyesha nakala ya ushauri na saini yangu chini yake.

Jioni hiyo alikuja chumbani kwangu. Hakutukana. Hilo ndilo linanitesa, hakunitukana!

"Wakili anasema mkataba unaweza kutenguliwa," alisema, "kama utaapa kwamba mkurugenzi alikuahidi kazi ili nisaini. Nakuomba, mdogo wangu. Sina shahidi mwingine."

Unajua nilimjibu nini mtu aliyenisomesha?

"Mimi sijui unachosema. Hizo ni fitina za wakili wako. Ulisaini mwenyewe."

Akasema, "Haya." Akafunga mlango taratibu.

Alifungua kesi bila mimi. Miezi michache baadaye mkurugenzi akaniondoa kazini, meza akampa mpwa wake. Ndipo nikakumbuka kwamba nina dada! Nikakimbilia kwa wakili, nikasema niko tayari kuapa. Alinitazama kama mtu anayetazama kitu kilichovunda sahanini, lakini akaniandika shahidi. Hakuwa na mwingine.

Kizimbani nilieleza yote. Nililia pia. Wakili wa kampuni akaniacha nimalize, akasimama.

"Shahidi, ulimdanganya dada yako mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Ulipokuwa na kazi ulisema hujui chochote?"

"Ndiyo."

"Umefukuzwa, sasa unajua. Mahakama ikuamini leo kwa sababu gani?"

Nikamtafuta dada kwa macho. Dada alikuwa benchi la mbele, anaangalia mikono yake. Hukumu ilisema ushahidi wangu hauaminiki. Tukashindwa. Hapana, alishindwa yeye.

Sasa analima mihogo Sengerema. Kanisani kwaya ikisimama, naye husimama, mdomo umefungwa. Nikimsalimia, ananiitikia kama anavyomwitikia mpita njia. Shangazi bado anasimulia kila msiba jinsi Nyamizi alivyomnyima mama yake wimbo. Nimejaribu kumweleza ukweli. Ananijibu, "Acha kumtetea dada yako."

Wewe unayeimba, unayecheza ngoma, unayeigiza, nisikilize! Msaada wa kisheria upo, na mwingine ni bure. Mkataba wa lugha usiyoijua, dai utafsiriwe, usomewe neno kwa neno. Ingia mwenyewe kwa wakili, ukae kwenye kiti, usikie kwa masikio yako. Usimtume mtu akakuletee majibu, hata kama ni mdogo wako uliyemsomesha.

Hasa huyo.