Mistari Iliyofungwa kwa Nukta

Hospitalini kwao wachache walimjua kwa jina lake. Aliitwa Taratibu, na jina hilo alijitakia mwenyewe, kwa sababu neno lenyewe halikumbanduka mdomoni. Printa ikitafuna karatasi, "Taratibu." Daktari akipiga simu anafoka kwamba majibu ya maabara hayafunguki, "Taratibu, daktari, nakuja." Mumewe, dereva wa gari la wagonjwa, mtu ambaye kazi yake ni kukimbia, aliwaambia wenzake, "Nyie mmeoa wake. Mimi nimeoa breki."

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimalizia ndani ya jengo lile lile. Aliingia akiwa msichana wa kupanga mafaili ya masjala, chumba kirefu chenye dirisha moja na vumbi ambalo ungeweza kuotesha maharage. Sasa alikuwa fundi wa mfumo wa kuandikisha wagonjwa, programu iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, ambayo makarani na wauguzi waliifungua kwenye kompyuta zao, kuanzia kaunta ya mapokezi hadi wodi ya mwisho. Kati ya chumba kile na kazi hii alikuwepo mtu mmoja, naye ni Shangazi.

Hakuwa shangazi yake wa damu. Alikuwa shangazi wa hospitali nzima, karani mkongwe mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Ndiye aliyempokea masjala. Taratibu alipoanza masomo ya kompyuta ya jioni, kila ikifika saa tisa na nusu Shangazi alimpokonya rundo la mafaili mkononi. "Haya, potea. Haya nitayapanga mwenyewe." Alifanya hivyo miaka mitatu mfululizo, na tangu hapo hakuna siku hata moja aliyomkumbusha.

Alikuwa pia na sheria yake. "Usiache nafasi wazi kwenye karatasi," alisema. "Nafasi wazi ni mlango, na hujui nani ataingia." Mgonjwa akiwa hana simu, ulitakiwa upige vistari kwenye kisanduku cha namba ya simu hadi mwisho wake, kisha ufunge kwa nukta. Taratibu aliona ni ukaidi wa wazee mpaka mwaka wake wa pili, ilipokutwa dawa imeongezwa kwenye cheti cha mgonjwa na kidole kikaelekezwa kwake. Shangazi alileta vyeti vyote alivyoandika binti huyo wiki ile, akavitandaza mezani kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vimefungwa kwa vistari na nukta, isipokuwa kile kimoja. "Huu si mkono wake," alisema, akavaa miwani yake, akarudi kazini. Maneno yakaishia hapo.

Kwa hiyo, kazi aliyosaidiwa na Shangazi kuipata ilipoingia hatarini, Taratibu alikuwa na sababu ya kutaka Alhamisi moja iishe salama.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu seva, kompyuta kuu iliyoendesha mfumo ule, ianze kupandwa na wazimu. Kila Jumanne na Alhamisi, siku za kliniki ya presha, ikikaribia saa tatu asubuhi feni zilianza kulia kama tarumbeta, skrini za makarani zikaganda, na prosesa zote nne, akili za mashine, zikafanya kazi mia kwa mia bila kumaliza kazi yoyote. Na kila mara mtu alifanya kile ambacho kila mtu pale alifundishwa kufanya: kuzima na kuwasha. Baada ya dakika mbili mambo yalinyooka, watu wakashukuru, na dalili za chanzo cha tatizo zikafutika pamoja na tatizo. Taratibu alijiona kama fundi bomba anayeitwa kila mara sakafu ikiwa imeshakaushwa. Muuzaji wa mashine alipendekeza inunuliwe kubwa zaidi. Mganga mkuu hakupendekeza kitu. Alisema tu kwamba seva ikikwama tena wiki hii, kuanzia Jumatatu hospitali inarudi kwenye kadi za karatasi, na fundi wake anarudi masjala.

Asubuhi hiyo Taratibu aliketi mapema katika chumba cha seva, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mashuka, daftari lake likiwa wazi mapajani. Saa tatu kasoro dakika nane, feni zikaanza.

Mganga mkuu alifika kabla hajapigiwa simu. "Zima uwashe!"

"Naomba dakika tano, daktari."

"Korido imejaa mpaka mlangoni!"

"Najua. Nikizima sasa, Jumanne tutasimama hapa hapa tena, mimi na wewe."

Alimwangalia kama mtu anayeangalia thamometa asiyoiamini. "Tano," alisema, akavua saa yake akaiweka juu ya meza.

Taratibu akapiga simu kaunta ya presha, akaiacha kwenye spika ili mikono iwe huru. "Shangazi, nishikie foleni dakika tano."

"Shikia kazi yako," Shangazi akajibu, na hapo hapo wakamsikia akigeukia korido: "Haya wazee wangu! Mashine nayo imepanda presha, inapimwa. Aliyesimama akae, aliyekaa asogee. Na wewe babu mwenye kofia, acha kunikonyeza, nina wajukuu!" Kicheko kikaingia mpaka chumba cha seva.

Programu kama ile hufanya kazi kwa nyuzi nyingi, kila uzi ukibeba ombi la mtu mmoja. Kwanza Taratibu alitafuta nyuzi zinazokula prosesa. Zilikuwa nne, na ziliziacha nyingine zote kwa mbali. Wa kwanza ulikuwa namba 18734. Kisha alichukua picha ya maandishi ya nyuzi zote zilivyosimama wakati ule, ila picha hiyo huziandika namba kwa hesabu ya kumi na sita, ambayo baada ya tisa hutumia herufi, a hadi f. Wengine huiachia mashine igeuze. Yeye hakuwa na imani na mashine iliyokuwa ikipiga kelele mbele yake, akagawanya kwa kalamu daftarini: kwa kumi na sita, inabaki kumi na nne, andika e, tena, inabaki mbili, tena, tisa, mwisho nne. Ukisoma kutoka mwisho: 492e.

"Unafanya hesabu za shule?" mganga mkuu aliuliza.

"Taratibu, daktari."

Hakutosheka na picha moja. Ukimpiga mtu picha akiwa mlangoni hujui kama anapita au amenasa. Alichukua tatu, kila moja baada ya sekunde kumi, kisha akatafuta 492e katika zote. Katika zote uzi huo ulikuwa mahali pale pale. Zile nyuzi nyingine tatu pia. Hazikuwa zikingoja hifadhidata, na mfagizi wa kumbukumbu, sehemu ya programu inayosafisha data zisizotumika tena, ambaye muuzaji alimlaumu kila siku, alikuwa amekaa kimya. Nyuzi zote nne zilinasa kwenye ukaguzi wa namba ya simu, mstari wa mia mbili na kumi na mbili wa programu.

Mstari huo aliuandika yeye mwenyewe miezi saba iliyopita, na tangu hapo haukumsumbua mtu.

"Shangazi," aliita, "ulikuwa unamwandikisha nani?"

"Huyu huyu babu wa kofia. Hana simu, anasema simu ni kelele."

"Kwenye kisanduku cha simu umeandika nini?"

"Swali gani hilo? Nimefunga, kama siku zote. Vistari mpaka mwisho, na nukta."

"Kitufe cha kuhifadhi umekibonyeza mara ngapi?"

"Ya kwanza haikunijibu. Nikabonyeza tena, na tena. Kama nne hivi. Nilidhani haijasikia."

Wiki tatu zilizopita ndipo Shangazi alipohamishiwa kaunta ya presha, kwa wazee wasio na simu. Makarani wengine waliacha kisanduku wazi.

Mganga mkuu alikuwa ameshaunganisha mambo kwa namna yake. "Kwa hiyo ni kosa la karani."

Shangazi alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na hajawahi kuandikiwa barua ya onyo maishani mwake. Taratibu aliona vizuri mlango ulioachwa wazi mbele yake. Angekaa kimya tu, na lawama ingeingia yenyewe.

"Hapana, daktari. Kosa ni langu. Ukaguzi nimeuandika mimi, na nimeuandika vibaya. Unaruhusu tarakimu na vistari kwa mafungu ya namna yoyote. Ukikuta nukta mwishoni ulitakiwa ukatae tu, basi. Badala yake unarudi nyuma kujaribu kila njia ya kuvigawa vile vistari, na kila kistari kikiongezeka kazi inakuwa maradufu. Shangazi anapiga thelathini. Ni kama mlinzi wa geti, unamuuliza kama bosi yupo, anaenda kuhesabu kwanza kokoto za uwanja mzima."

"Na unalisema hilo kwa mdomo wako mwenyewe?"

"Mstari una jina langu, daktari. Na yeye amefanya kama tulivyofundishwa kazi humu ndani. Mimi ndiye niliyesahau."

Mganga mkuu alichukua saa yake, akaivaa polepole kuliko alivyoivua. "Dakika sita," alisema. "Sasa naruhusiwa kusema zima uwashe?"

"Sasa ndiyo."

"Basi kadi zibaki kabatini. Nitakuja Jumanne kusikiliza hizo feni." Alipofika mlangoni aligeuka. "Na muuzaji nitamjibu mimi. Hilo nitalifurahia."

Wagonjwa waliobaki siku ile waliandikishwa kisanduku kikiwa wazi, jambo lililomuuma Shangazi kama jino. Mchana Taratibu aliuandika upya ukaguzi, safari hii ukisoma mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho bila kurudi nyuma, akaujaribu kwa vistari thelathini na nukta, halafu kwa mia tatu. Feni hazikushtuka.

Jioni alishuka kaunta. Shangazi alikuwa akifuta miwani kwa pindo la sweta, na hakuinua uso.

"Ina maana ni mimi niliyekuwa nikiichemsha mashine yako wiki tatu zote."

"Ni wewe uliyenionyesha palipooza. Ungeacha wazi kama wenzako, pangekaa pale pale mpaka siku mbaya zaidi." Kisha akasema lile alilokuwa akilibeba miaka mingi bila kupata pa kulitua. "Na yale mafaili, Shangazi. Ya saa tisa na nusu. Sikuwahi kukushukuru."

"Mafaili gani?" Shangazi akauliza, na alikuwa anajua vizuri sana mafaili gani. Akapangusa tena kioo ambacho kilikuwa kimeshang'aa.

Jumanne iliyofuata mganga mkuu alikuja kweli, akasimama mlangoni mwa stoo ya mashuka tangu saa tatu kasorobo hadi saa tatu na robo, mikono nyuma. Hakusikia kitu. Chini, kaunta ya presha, palikuwa na kitufe kipya: Hana simu. Shangazi alikibonyeza mara moja tu, kwa wasiwasi, akangoja. Printa ikatoa kadi ya yule babu wa kofia. Kwenye kisanduku cha simu vilijipanga vistari thelathini mpaka ukingoni, na mwisho wake nukta.

Aliiinua hadi kwenye mwanga wa dirisha, akaikagua kwa muda mrefu.

"Babu," alisema, "chukua kadi yako. Imefungwa vizuri."