Meneja, Paka wa Bi Shufaa

Bi Shufaa anauza mchele wa Kyela hapa Soweto, Mbeya, na ukimwomba apunguze bei atakutazama mpaka uone aibu mwenyewe. Mimi ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na nampenda kwa ukorofi wake huohuo. Kwenye stoo yake hupati panya hata wa dawa. Sifa hiyo ni ya paka wake, dume kubwa lenye sikio lililochanika, tunayemwita Meneja.

Mwaka huu, baridi ilipoanza, Meneja akakonda. Fizi zilivimba, udenda ukamtoka, na kidonda alichopata kwa kupigana na paka wa mtaani kikagoma kupona. Bi Shufaa alimtia kwenye kikapu akampeleka Iyunga kwa Clement, daktari wa mifugo. Clement akampima damu, kisha akaeleza taratibu: Meneja ana virusi vinavyodhoofisha kinga ya mwili. Ni ndugu wa vile vya binadamu, ila hivi ni vya paka tu, havimwambukizi mtu hata akikwaruzwa. Paka huambukizana zaidi kwa kung'atana. Dawa ya kuvimaliza hakuna, lakini paka akihasiwa, akakaa ndani asipigane, na vidonda vyake vikitibiwa mapema, anaweza kuishi miaka mingi.

Bi Shufaa alirudi ametulia kabisa. Kosa lake lilikuwa kumsimulia mteja mmoja mwenye mdomo mwepesi. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unasema stoo ya Shufaa ina paka mwenye ukimwi, na kesho yake wateja wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Niligombana na wawili watatu hadharani, wala sijutii.

Ijumaa mdogo wa Bi Shufaa, Abdul, alikuja kula baada ya swala kama kawaida yake. Nami nilikuwepo, maana pilau ya Bi Shufaa siikosi. Abdul hakugusa sahani. Alisema sana: biashara inakufa, watu wanacheka, ukoo unatiwa aibu, na sumu ataitafuta yeye mwenyewe leo hii.

"Dada, huyu mnyama ni wa kuua tu," akamalizia. "Tutakula vipi kwenye nyumba yenye virusi?"

Meneja alikuwa amelala kwenye gunia tupu, hana habari. Bi Shufaa akamtazama mdogo wake, akauweka mwiko chini. Siri yake niliijua mimi, na binti yake Asmaa. Nikaogopa kwa niaba yake.

"Abdul, na mimi ninavyo, vya kwetu binadamu," alisema. "Nameza dawa tangu mimba ya Asmaa, na Asmaa alizaliwa mzima. Ijumaa zote hizo umekula mkononi mwangu. Sasa mimi mngeniua lini?"

Abdul macho yalimjaa maji. Nilikuwa na maneno makali tayari kwa ajili yake, nikayameza.

Akaivuta sahani. Alikula pilau yote, akaongezewa, akala tena. Alipomaliza akanawa, akamuuliza dada yake nyundo iko wapi, maana dirisha la jikoni lina upenyo ambao Meneja anaweza kuupitia akatoka nje.