Mashine Iliyomsomea Mama

Laptop yangu ni kuukuu, na mtu asinicheke. Fundi mmoja hapa Nakuru mjini aliitazama mara moja tu akaniambia, "Siste, hii peleka kwa watu wa skrapu." Nikaichukua nikaenda zangu. Nikauondoa ule mfumo uliokuwa ukiilemea, nikaiwekea mwingine mwepesi wa bure uitwao Linux, na mpaka leo ndiyo inayonilisha. Kazi yangu ni kuchapa: kadi za harusi, tasnifu za wanafunzi, na zaidi ya yote, vijitabu vya mazishi. Huku kwetu hatuziki bila kijitabu. Picha ya marehemu mbele, wasifu ndani, nyimbo nyuma.

Nisipoisifu Linux nitakuwa mwizi wa fadhila. Kuna kidude nilichoweka kwenye kivinjari, kazi yake kuzuia matangazo. Zamani nikifungua gazeti, kabla sijamaliza kichwa cha habari nimeshavamiwa na dawa ya nguvu za kiume na mkopo wa haraka. Ai! Siku hizi ni kimya. Kuna kitufe kingine, ukikibonyeza ukurasa unavuliwa madoido yote, yanabaki maandishi peke yake. Kuna programu inayokumbuka kila nilichonakili tangu asubuhi, maana mimi nanakili nasahau, na nyingine inaunganisha kurasa za PDF bila kuniuliza barua pepe yangu wala jina la babu yangu. Vyote bure, na hakuna hata kimoja kinachojisifu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kitu kimoja tu sikukijali: sauti inayosoma kilicho kwenye kioo. Iliwahi kuropoka siku nilipobonyeza vitufe vibaya, nikaizima kwa hasira.

Mama yangu anakaa Bahati. Presha ya macho ilimwibia macho kidogo kidogo, hata sasa anatofautisha mwanga na kivuli tu. Dada yake mkubwa alipofariki, hilo likazua neno. Wawili hao walikuwa wameahidiana tangu usichana wao: atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemsomea wasifu. Sasa kamati ya mazishi, imeketi sebuleni na chai mkononi, ikaamua kwa upole kwamba asome mjukuu. "Mama apumzike," wakasema.

Mama akaweka kikombe chini. "Kilichokufa ni macho. Mimi niko hapa."

Tulipotoka nje akanishika mkono. "Nisiposoma, siendi kaburini. Nitabaki nyumbani na kuku." Na mama akisema, amesema. Nikamwambia si lazima karatasi, azungumze tu kutoka moyoni. "Nikianza ya moyoni nitalia nisimalize," akanijibu. "Niliahidi kusoma. Nataka kusoma."

Kwanza nikayakuza maandishi. Linux ina namna ya kukuza kioo kizima, nikakuza mpaka herufi moja ikawa kubwa kama sufuria. Mama akasogeza pua karibu. "Naona giza lenye pembe," akasema. Nikatoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Hapo ndipo nikaikumbuka ile sauti. Nikaiwasha, nikaiambia isome Kiswahili. Haki ya nani, iliongea kama mtu mwenye mafua aliyefungiwa ndani ya debe.

"Huyu ni nani?" mama akauliza.

"Ni kompyuta, Mama."

"Mwambie apenge kamasi. Na apunguze mbio, hatufukuzwi."

Nikaipunguza mwendo. Nikaukata wasifu kwa mistari mifupi, nikabandika kipande cha plasta kwenye kitufe cha mshale wa chini. Ukikibonyeza, sauti inasoma mstari mmoja na kungoja. Ukibonyeza cha juu yake, inarudi nyuma mstari mmoja. Mama alifanya mazoezi mezani jikoni, earphone sikioni, akisikia mstari kisha akiutamka kwa sauti yake. Mwanzoni yeye na ile sauti walikuwa wakigombana. "Ngoja basi nimeze mate!" alimfokea. Baadaye akaanza kumwita "mgeni wangu." Nami nikasimama pale mlangoni nikiistaajabia ile mashine. Ilirudia mstari huo huo bila kuchoka, bila kuguna, bila kuvuta pumzi ya "Mama jamani." Mimi mtoto wa kumzaa ningekuwa nimeshapandisha sauti. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Siku ya mazishi tukaweka laptop juu ya kimeza chini ya hema, kando ya maua. Mawingu yalikuwa yamejazana upande wa Menengai na MC alikuwa anaharakisha kila mtu. Mama akasimama, earphone imefichwa ndani ya kitambaa cha kichwa, kidole juu ya plasta. Akaanza. Kuzaliwa, shule, ndoa, shamba la viazi, kwaya ya kanisa. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Mzee mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Si walisema haoni?" Nilijivunia mama yangu mpaka kifua kikauma.

Akafika mahali nilipochapa jinsi ninavyowachapia watu wote, kwa mazoea ya kazi, bila kuwaza ni nani atakayepasoma.

"Ameacha watoto wanne," mama akasema, "wajukuu wengi, na..."

Nikaona kidole chake kikitafuta mshale wa juu. Akasikiliza mstari ule tena. Akabonyeza, akausikiliza mara nyingine. Watu wakaanza kutazamana. MC akainuka kwenda kumsaidia, nikamshika mkono wa koti. "Mwache," nikamwambia.

Mama akachomoa earphone, akaishika kiganjani.

"Hapa imeandikwa ameacha dada mmoja," akawaambia watu. "Huyo dada ni mimi."

Akalia pale pale, mbele ya wote, huku akimwita dada yake kwa jina la utotoni ambalo hata sisi hatukuwa tunalijua. Mvua ikaanza kudondoka juu ya hema. MC akaenda kusimama kando yake, akamshikia maikrofoni mpaka alipomaliza.