Hatibu wa Nafasi ya Nane

Ijumaa, katika taarifa ya habari ya saa moja asubuhi, ilitangazwa rasmi kwamba huduma ya mtandao, iliyokatika siku sita nyuma kwa sababu ya nyaya zilizo chini ya bahari, imerejea kwa asilimia mia moja nchi nzima. Kwamba hakuna mwananchi aliyeachwa nyuma. Na kwamba kila mmoja anaombwa kuendelea na shughuli zake kama kawaida. Msomaji wa taarifa aliyasoma yote hayo kwa pumzi moja. Shamimu, mjane wa marehemu Hatibu, aliyasikia akiwa sebuleni kwake Katesh. Alikuwa na shughuli moja tu duniani, nayo ilikuwa imegoma.

Hiyo ilikuwa siku ya themanini na tatu ya eda yake. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na Shamimu hakuwa na ugomvi na hesabu hiyo, kitabu kimesema. Ugomvi wake ulikuwa na nyongeza. Shangazi wa marehemu, aliyeletwa kutoka Kondoa aje kukaa naye, alishuka kwenye basi na begi moja la nguo na sheria zisizo na idadi: mjane asisimame dirishani, asijitazame kwenye kioo, asicheke mpaka sauti itoke nje, asile pilipili. Shamimu aliwahi kuuliza hiyo ya pilipili imeandikwa wapi. Shangazi akamjibu kwamba Kondoa hawaandiki kila kitu.

Basi dunia ya Shamimu ikawa vyumba vitatu, ua wenye ukuta, na kipande cha Mlima Hanang kilichoonekana juu ya ukuta huo siku isiyo na ukungu. Na simu ya Hatibu.

Hatibu alikuwa muuza mabati na misumari, mtu wa maneno machache, mcheza drafti wa kila siku. Barazani pa duka lake, lililoungana na nyumba, palikuwa na ubao wa drafti na kete za vizibo vya soda. Wanawake hawakai pale. Shamimu alipeleka chai, miaka kumi na tisa, na mlango wa kutokea jikoni ulifungukia nyuma ya mgongo wa mpinzani. Kwa hiyo alijifunza drafti kutoka upande wa pili wa ubao, upande wa watu waliokuwa wakijaribu kumfunga mumewe, na akayajua makosa ya Hatibu kama alivyozijua soksi zake. Hakumwambia. Hakuulizwa.

Miaka ya mwisho Hatibu alihamia pia kwenye simu, kwenye mchezo wa drafti unaokutanisha watu kwa mtandao. Wiki moja baada ya maziko Shamimu alifungua simu ile ili awajulishe wateja, akakuta mechi ambayo haijaisha. Zamu ilikuwa ya Hatibu, kete zake tatu zikiwa mdomoni mwa adui. Mpinzani alikuwa ameandika, "Mzee, umelala?" Shamimu akasogeza kete moja. Kufika jioni Hatibu alikuwa ameshinda.

Tangu afariki, Hatibu alikuwa amepanda kutoka nafasi ya thelathini na moja hadi ya tisa katika ligi ya mikoa ya kaskazini. Wenzake walimpongeza. "Mzee siku hizi umetulia," aliandika mmoja wao, na Shamimu hakuona sababu ya kumpinga.

Sasa ligi ilikuwa inafungwa, Ijumaa hiyohiyo, saa saba mchana. Majina manane ya juu huingia kwenye orodha ya kudumu, ambayo haiguswi. Mengine yote hufutwa, na msimu mpya huanza na jedwali jeupe. Ilikuwa imebaki mechi moja ya kuamua nani awe wa nane, baina ya Hatibu wa Katesh na mwalimu mmoja wa Masieda, kule Mbulu, aitwaye Margwe. Mshindi anaingia. Wasipocheza, wanafutwa wote wawili.

Mtu anaweza kusema kwamba huo ni mchezo tu. Lakini siku ya arobaini, shemeji yake Shumbana, aliyeendelea na duka, alipaka rangi kibao chenye jina la Hatibu akaandika lake. Haikuwa dhuluma, leseni inataka jina la mtu aliye hai. Shamimu aliisikia brashi akiwa ndani. Makaburini hakwenda, kwao wanawake hawaendi; aliambiwa kuna jiwe. Jina la Hatibu lilikuwa limebaki mahali pamoja, na mahali hapo palikuwa panafungwa saa saba.

Saa mbili alijaribu. WhatsApp ilifunguka na kumwaga salamu za siku sita. Mchezo ulizungusha kiduara, ukazungusha, halafu ukamwandikia kwamba umeshindwa kuunganishwa, akague mtandao na mipangilio ya simu. Akajaribu tena. Kufika saa nne alikuwa amejaribu mara kumi na nne, na kiduara hakikuonyesha dalili ya kuchoka.

Fundi simu aliyekuwa karibu ni Muksini, ambaye kibanda chake kilitazamana na dirisha la sebule, ng'ambo ya barabara. Mjane haendi kwa fundi, na fundi haingii kwa mjane. Shangazi alipoambiwa kwamba kuna kitu cha marehemu kwenye simu kinachofungwa saa saba, aliuliza kitu gani.

"Jina lake," alisema Shamimu.

Shangazi akaelewa kuwa ni orodha ya kuombewa dua, akatoa kibali chenye masharti: fundi asimame nje, pazia lifungwe, na yeye mwenyewe akae katikati.

"Katikati ya nini, Shangazi?"

"Katikati ya maneno."

Muksini alikuja akifuta mikono.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Usiangalie."

"Niangalie nini, Shangazi? Hili pazia nene kuliko blanketi la Mbulu."

"Na utani uuache hukohuko kibandani. Hapa kuna msiba."

"Haya. Pole sana, mama. Umezima ukawasha?"

"Mara nne," alisema Shamimu.

"Kile kindege umekiwasha ukakizima?"

"Kindege gani?" aliuliza Shangazi.

"Nimekiwasha, nimekizima."

"Bando unalo?"

"Muksini, WhatsApp inafunguka. Ingefungukaje bila bando?"

"Nauliza tu, mama. Wengine wanakuja na simu haina hata laini." Akafikiri kidogo. "Basi dawa ni moja. Futa mchezo wote, upakue upya. Dakika tano, umemaliza."

"Mchezo utaniuliza paswedi."

"Weka."

"Alikuwa nayo Hatibu."

Nje bodaboda ikapita na magunia ya vitunguu.

"Hakuiandika popote?"

"Kama aliiandika, anayejua wapi ni yeye."

"Basi usifute. Shangazi, mwambie asifute chochote."

"Usifute chochote," alisema Shangazi, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo hilo mwenyewe.

Muksini akaomba apewe simu kupitia nondo za dirisha, dakika mbili tu, ataishika mbele yao. Shangazi akauliza kama ndani ya simu hiyo mna picha. Shamimu akakiri kwamba zimo, za harusi ya binamu yake, kichwa wazi. Likaishia hapo. Simu haikwenda nje, fundi hakuja ndani, na baina yao palikuwa na kitambaa cha maua na mwanamke wa miaka sabini na moja.

"Basi piga picha ya hicho kioo unitumie," alisema Muksini. "Nina mteja wa kutoka Gitting ananisubiri. Nikimaliza naitazama."

Mteja wa Gitting alikuwa ametumbukiza simu kwenye ndoo ya maziwa, na maziwa hayana haraka ya kutoka. Shamimu alingoja. Alitandika kitanda kilichokwisha kutandikwa. Alichungulia mlima, ulikuwa umejifunika. Shangazi akamkumbusha kwamba asubuhi hiyo amesogelea dirisha mara tatu.

Saa tano na nusu ikafika bila jibu, akapiga picha nyingine akaituma. Safari hii Muksini alivuka barabara mwenyewe, upesi.

"Mama, hii picha ya pili umeipiga saa ngapi?"

"Sasa hivi. Saa tano na nusu."

"Simu yako inasema saa ngapi?"

"Hiyohiyo. Tano, thelathini."

"Ya kwangu inasema kumi na moja, thelathini."

"Ya kwako ina matatizo," alisema Shangazi. "Mwanangu, ni saa tano na nusu. Kila mtu anajua."

"Najua, Shangazi. Hata mimi najua. Simu ndiyo haitakiwi kujua."

Shamimu akaketi. Alikumbuka siku ya pili ya kukatika kwa mtandao. Shangazi humeza vidonge vya presha saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na saa ya ukutani ilikuwa imenyang'anywa betri kwa ajili ya tochi. Simu isiyo na mtandao haikuwa na kazi nyingine, ikawekwa juu ya kabati iwe saa. Ila Shangazi alikataa katakata kusoma nane mahali pa mbili. "Hiki kinasema nane, jua linasema mbili," alisema. "Nimwamini nani?" Shamimu akaingia kwenye mipangilio, akaizuia simu isijipangie saa yenyewe, akairudisha nyuma saa sita. Tangu hapo simu ilisema kweli, na ilisema kweli kiasi kwamba hakuna mtu wa nyumba ile aliyeitilia shaka. Mitambo ya mchezo, inayohesabu siku kuanzia usiku wa manane, ilikuwa ikibishiwa hodi na mtu ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa bado yuko alfajiri. Haikumfungulia. WhatsApp haikujali, WhatsApp humpokea yeyote.

"Irudishe ijipange yenyewe," alisema Muksini. "Itafunguka."

"Saa yangu msiiguse," alisema Shangazi.

"Shangazi, ni kwa muda tu," alisema Shamimu.

"Nilikaa siku mbili nakunywa dawa kwa kubahatisha. Sirudi huko. Mnataka nife, tuwe na eda mbili?"

"Dawa nitakuja kukukumbusha mimi," alisema Muksini. "Saa mbili kamili nagonga hapa dirishani."

"Saa mbili usiku? Dirisha la mjane?"

Muksini akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa na mke, na aliijua Katesh.

Shangazi aliichukua simu akaiweka mapajani, mikono juu yake. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi, kwa hesabu ya watu wote waliokuwapo. Shamimu alitazama ile mikono. Kwa siku themanini na tatu alikuwa ameikubali kila sheria ya mwenye mikono hiyo, pamoja na ya pilipili, kwa sababu kukubali kulikuwa kazi ndogo kuliko kubishana. Sasa akapiga magoti kwenye mkeka.

"Shangazi," alisema, "wakilifuta jina lake leo, hakuna mahali pengine litakapoandikwa."

Shangazi alilitazama pazia kwa muda. Yeye ndiye aliyemlea Hatibu mpaka akajua kusoma.

"Haya," alisema. "Iharibu."

Simu ilijipanga. Tano ikaruka ikawa kumi na moja, kiduara kikazunguka mara mbili, na ubao ukafunguka, kete kumi na mbili kila upande. Nje Muksini aliuliza kama imekubali, Shangazi akamwambia imekubali na sasa aende akatawadhe, leo Ijumaa. Akaenda.

Kiti cha mpinzani kilikuwa kitupu.

Ujumbe wa mwisho wa Mwalimu Margwe ulikuwa wa siku mtandao ulipokatika: "Shikamoo mzee. Ijumaa nitaingia mapema. Safari hii usinihurumie." Chini yake jibu la Shamimu: "Marahaba, mwalimu. Sihurumii mtu." Hapakuwa na kingine. Baada ya dakika kumi, mchezo ulileta kitufe pembeni cha kudai ushindi dhidi ya asiyefika.

Hakukibonyeza. Barazani kwa Hatibu, mtu akiondoka katikati ya mchezo kwenda kuswali au kumhudumia mteja, ubao ulifunikwa boksi la misumari ukamngoja, hata kama ni mpaka kesho. Aliyesogeza kete mwenzake hayupo hakukaribishwa tena. Na mbali na hayo, Shamimu alitaka kucheza. Alikuwa ameufikiria mwanzo wa mechi hiyo siku sita mfululizo, kitandani na jikoni, na alijua Mwalimu Margwe hukimbilia pembeni akitishwa mapema. Angemtisha mapema.

Adhana ikatoka, kisha hotuba. Imamu alizungumzia subira. Shamimu alimwandikia mwalimu, "Upo?" Akaandika tena, "Mwalimu, nipo nakusubiri." Saa saba kasoro robo. Shangazi alikuja akaketi karibu naye, akautazama ule ubao, na ikawa dhahiri kwamba hiyo si orodha ya kuombewa dua.

"Hivi ni vizibo vya Hatibu," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Mbona huchezi?"

"Mwenzangu hajafika."

"Asipofika?"

"Nabonyeza hapa. Hatibu anaandikwa, yeye anafutwa. Nisipobonyeza, wote wanafutwa."

Shangazi hakuwa na sheria ya jambo hilo.

Saa saba kasoro dakika mbili, kidole cha Shamimu kilikuwa juu ya kioo. Saa saba kasoro dakika moja akabonyeza. Jedwali likajipanga upya. Jina la Hatibu wa Katesh likaingia la nane katika orodha isiyoguswa, kwa mechi ambayo hakuna kete iliyosogezwa. Jina la Margwe lilibaki kwenye jedwali mpaka saa ilipotimia, halafu likaondoka pamoja na mengine thelathini na moja.

"Ameandikwa?" aliuliza Shangazi.

"Ameandikwa."

"Alhamdulillahi. Sasa nambie, dawa yangu ni nane au ni mbili?"

"Ukiona nane, kunywa."

Jumanne saa nne asubuhi simu ililia juu ya kabati. Ulikuwa ujumbe wa Mwalimu Margwe. "Shikamoo mzee," aliandika. "Huku Masieda mtandao umerudi leo."