Barafu ya Mzee Mbwana

Juzi pale stendi ya Mikumi walifungua boksi la dawa lenye barafu ndani, lililoshushwa kwenye basi. Moshi mweupe ukamwagika, ukapotea, na boksi likabaki kavu.

Nilikuwa kidato cha kwanza wageni wa fizikia walipokuja shuleni kwetu. Walimwaga spiriti kwenye sanduku la kioo, wakaliweka juu ya barafu yenye moshi kama huo, wakafunga madirisha. Darasa zima lilinuka hospitali. Ndani ya kioo tukaona michirizi myembamba ikizaliwa na kufa. Wakasema ni njia za chembe zitokazo angani.

Walipoondoka walituachia kipande cha barafu, kidato cha nne nao waone. Mwalimu akakifungia stoo ndani ya ndoo, ufunguo akampa mlinzi, Mzee Mbwana, ambaye mkewe aliuza juisi barabarani.

Saa kumi ndoo ilikuwa tupu.

"Shikamoo, mzee," mwalimu alianza. "Barafu ikiyeyuka inaacha maji. Maji yako wapi?"

Mzee Mbwana alipapasa ndoo mpaka chini, hakupata hata unyevu. Mimi nilikuwa namtazama midomo, nione kama imelowa. Jioni ile alifukuzwa kazi kwa wizi. Alirudi kwao Msowero, akafia huko.

Barafu ile haiwi maji, inageuka hewa; ndivyo walivyonieleza juzi pale stendi. Nilipotoka stendi nilimweleza mama, polepole, nikimwonyesha kwa mikono inavyopotea hewani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mwanangu," alisema. "Ila yule mzee alikuwa mjanja. Mpaka ndoo aliikausha."